Kabla ya Kuuza, Uliza

Mpunga ukianza kutoa masuke, mitaa ya Ifakara hupungua watu. Familia nzima huhamia shamba, kule bondeni upande wa Idete na Namawala au ng'ambo ya Mto Kilombero kuelekea Lupiro, zikakaa wiki nyingi kwenye dungu zikifukuza ndege mchana na nguruwe pori usiku. Huko shamba zahanati iko mbali, na maji yakijaa hata baiskeli haipiti. Ndiyo maana siku chache kabla ya safari, mama wa nyumba akishanunua chumvi, kiberiti na sabuni, hupitia duka la dawa. Husimama mbele ya kaunta, mtoto mgongoni, akataja mahitaji yake kwa mkupuo mmoja: panadol, mseto, dawa ya kuharisha, dawa ya kikohozi.

Anayejali mauzo tu atavuta maboksi manne na kutaja bei. Mtoa dawa anayeijua kazi yake haanzi kwa kugusa rafu. "Mnakwenda wangapi, mama? Huyu mdogo ana umri gani? Kadi yake ya kliniki umekuja nayo?" Kadi ndiyo anayoitaka hasa, maana humo mna uzito wa mtoto, na mseto, dawa ya malaria, hutolewa kwa kilo. Mwenye kilo 5 hadi chini ya 15 humeza kidonge kimoja kila mara. Kilo 15 hadi chini ya 25, viwili. Kilo 25 hadi chini ya 35, vitatu. Kuanzia kilo 35, vinne. Dozi ni mara sita kwa siku tatu. Ya pili hufuata saa nane baada ya ya kwanza, kisha asubuhi na jioni hadi iishe, na kila mara mgonjwa awe amekula kitu chenye mafuta kidogo au amekunywa maziwa, kwa kuwa tumbo tupu haliifyonzi dawa hiyo vizuri. Mtoto akitapika ndani ya nusu saa, dozi irudiwe. Yote haya yanasemwa juu ya kaunta, foleni ikiwa nyuma, na mama lazima aondoke ameyashika, kwa sababu usiku wa homa kule dunguni hakutakuwa na wa kumuuliza.

Na hapo pana ugumu ambao sura hii haiwezi kuukwepa. Tangu mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani linataka kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kwanza, na homa nyingi siku hizi si malaria. Kumuuzia mama mseto wa kuweka akiba ni kumruhusu akisie. Lakini mama mwenyewe anakwenda mahali ambapo kati yake na kipimo kuna bonde lililojaa maji. Mtoa dawa mzuri hamalizi jambo hili kwa kumkemea. Humuuliza shamba lao liko wapi, humtajia zahanati au kituo cha karibu kinachopima, humpa panadol ya kushusha homa ya usiku mmoja, pakiti za ORS za kuchanganya moja kwa lita moja ya maji safi, na vidonge vya zinki. Kisha humweleza dalili zisizosubiri asubuhi: mtoto asiyenyonya, anayetapika kila kitu, anayelegea, anayeshtukashtuka. Mseto ukinunuliwa, unanunuliwa pamoja na maneno hayo. Naamini maneno hayo yameokoa watoto wengi bondeni humu kuliko tunavyofikiri, ingawa hakuna daftari linaloyaandika.

Watu wa Ifakara humwita kila anayesimama nyuma ya kaunta hiyo "dokta". Kisheria wako wa namna mbalimbali. Mfamasia ana shahada, miaka minne ya chuo na mwaka wa mazoezi, na ndiye msimamizi wa famasi. Fundi dawa sanifu ana stashahada. Mtoa dawa wa Duka la Dawa Muhimu mara nyingi ni muuguzi au muuguzi msaidizi aliyepata mafunzo maalumu. Wafamasia bado ni wachache, kwa hiyo ukitoka mjini kufuata reli ya TAZARA kuelekea Mngeta na Mlimba, utakayemkuta ni huyo wa mwisho. Familia haioni tofauti, wala sioni sababu ya kuilaumu. Inachotafuta ni mtu wa karibu anayefunguliwa moyo bila foleni ndefu na bila kadi ya hospitali, hata jioni.

Nafasi hiyo haikuja yenyewe. Bonde la Kilombero limeandikwa sana na watafiti. Hospitali ya Mtakatifu Fransisko iliyoanzishwa na wamisionari Wakapuchini ilikuwapo tayari Rudolf Geigy, profesa wa Basel, alipofungua maabara ndogo ya Waswisi Ifakara mwaka 1957, maabara ambayo baada ya kukua na kubadilishwa jina leo ni Taasisi ya Afya Ifakara. Baadaye malaria ndiyo iliyowashughulisha zaidi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ilikadiriwa kuwa mkazi wa Namawala aliumwa na mbu wenye vimelea zaidi ya mara 300 kwa mwaka, yaani karibu kila usiku. Katika hali kama hiyo dawa ya malaria ni mahitaji ya nyumbani kama chumvi, na kweli iliuzwa hivyo. Klorokwini, chungu kama shubiri na yenye kuwasha mwili mzima, ilipatikana hata kwenye maduka ya sukari na mafuta ya taa.

Vimelea vilipoizoea klorokwini, serikali iliiondoa mwaka 2001 na kuweka dawa nyingine, SP. Kitaalamu uamuzi ulikuwa sahihi. Lakini SP haikuwa dawa ya kuuzwa dukani kwa mangi, na watafiti wa Ifakara walipozunguka bondeni kuhesabu maduka walikuta jambo ambalo wapanga sera hawakulitazamia: sehemu za kupata dawa ya malaria zilikuwa zimepungua. Maduka ya kawaida yaliacha kuweka dawa, na vijiji visivyo na duka la dawa vikabaki vitupu. SP nayo haikupendwa. Haikushusha homa upesi kama watu walivyozoea, na habari za watu waliobabuka ngozi baada ya kuinywa zilienea haraka kuliko maelezo ya wataalamu. Ilipofika mwishoni mwa 2006 na mseto ukachukua nafasi yake, familia zilikuwa zimebadilishiwa dawa mara mbili ndani ya miaka michache. Nani aliyebeba kazi ya kueleza? Wizara ilibandika mabango. Swali lenyewe, "hii ya sasa inanywewaje, na ile ya zamani imekosa nini?", liliulizwa kwenye kaunta.

Kaunta zenyewe zilikuwa dhaifu. Duka la dawa baridi, lililotokana na sheria ya mwaka 1978, liliruhusiwa kuuza dawa zisizohitaji cheti cha daktari tu, na wengi waliohudumia humo hawakuwa na mafunzo ya maana. Kwa kuwa wagonjwa walihitaji zaidi ya hapo, dawa za cheti ziliuzwa chini ya meza, bila maelezo na bila ukaguzi. Mwaka 2003 mkoani Ruvuma yakaanza majaribio ya namna nyingine: mwenye duka arekebishe jengo, aajiri mtoa dawa aliyefundishwa, aandike anachotoa, akubali kukaguliwa, na kwa malipo ya hayo aruhusiwe kuuza orodha fupi ya dawa za cheti zinazohitajika zaidi, zikiwemo amoksilini na dawa za malaria. Hayo ndiyo Maduka ya Dawa Muhimu. Mkoa wa Morogoro ulifuata, na Kilombero pamoja nao. Tangu Sheria ya Famasi ya mwaka 2011 usimamizi uko chini ya Baraza la Famasi. Nayataja haya kwa kirefu kwa sababu hutokea watu, hasa wa mjini, wakiyaona maduka haya kama biashara ya pembeni ya afya. Bondeni ni mlango wa mbele, na ulijengwa kwa makusudi.

Ushahidi kwamba muuza duka anaweza kuwa mtumishi wa afya ulikuwapo hata kabla ya hapo. Kuanzia miaka ya mwisho ya 1990 mradi wa vyandarua wa wilaya za Kilombero na Ulanga ulitumia wenye maduka na watu wengine wa vijijini kuuza vyandarua na dawa yake kwa jina la Zuia Mbu, na wajawazito na wenye watoto wadogo wakapewa hati za kupunguziwa bei. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2001 yalionyesha kuwa uhai wa watoto wa mwezi mmoja hadi miaka minne uliongezeka kwa asilimia 27 kwa waliotumia vyandarua vyenye dawa. Mpango wa taifa wa Hati Punguzo, ulioanza 2004, ulitembea juu ya njia iliyofunguliwa hapa.

Turudi dukani, kwa sababu mambo makubwa ya kazi hii huonekana katika dakika moja. Binti mwenye mtoto wa miezi minane anaingia. "Shikamoo, dokta." "Marahaba, mwanangu. Za nyumbani?" "Nzuri. Huyu anakohoa tu, naomba ile dawa ya maji ya kikohozi." Mtoa dawa, mama wa makamo, anamwomba akae kwenye benchi na amnyonyeshe mtoto kwanza. Mtoto anayelia hahesabiki pumzi. Akishatulia, anampandisha fulana hadi kifuani, anatazama saa ya ukutani, na anahesabu kimya, kifua kikipanda na kushuka, dakika nzima bila kukatisha hata mteja mwingine akigonga kaunta kwa sarafu. Kwa mtoto wa miezi miwili hadi kabla ya mwaka, pumzi 50 au zaidi kwa dakika ni dalili ya nimonia. Kwa wa mwaka mmoja hadi mitano, 40. Akiona sehemu ya chini ya kifua inabonyea ndani kila mtoto anapovuta hewa, duka halina tena cha kuuza: ni hospitali, sasa hivi, na bodaboda inaitwa mlangoni. Pumzi zikiwa za kawaida, dawa ya maji ya kikohozi pia haihitajiki. Binti anaelekezwa aendelee kunyonyesha, amsafishe mtoto pua, na arudi kesho akiona mabadiliko.

Angalia kilichotokea hapo kibiashara. Muda umetumika, ujuzi umetumika, na drooni haikuingia hata shilingi mia. Hivi ndivyo kazi hii ilivyo katika siku zake bora, na hilo ndilo linalonifanya niiheshimu.

Kuna ugonjwa ambao wazee wa bondeni waliutenga kabisa na hospitali. Mtoto akishikwa na degedege, macho yakigeuka na viungo vikikakamaa, ilisemekana akichomwa sindano atakufa, basi alipelekwa kwanza kwa mganga, akafukizwa na kuoshwa, na hospitali ikaja baadaye, pengine akiwa amechelewa. Watafiti walioishi na familia hizi waliandika kwamba imani hiyo haikuwa ujinga wa kudharauliwa: watu waliona kwa macho yao watoto waliofikishwa hospitali wakiwa taabani wakafia huko baada ya sindano, na wakaunganisha mambo mawili. Hali imebadilika sana, lakini bibi aliyelelewa na imani hiyo bado yupo nyumbani, na mara nyingi ndiye mwenye kauli. Kwa hiyo mtoa dawa huzungumza na bibi. "Shikamoo, bibi. Umefanya vizuri kumleta mapema. Huu mshtuko unaletwa na homa kali, na pale hospitali wanao uwezo nao. Mama yake aende naye sasa hivi, wewe nitakupigia simu nikujulishe." Akianza kwa kubishana juu ya mganga, ameshampoteza mtoto.

Neno gumu kuliko yote kwenye kaunta ni "hapana". Mwanamume ameshika tumbo, anataka kapsuli za rangi mbili alizopewa jirani. Kijana ana mafua, anataka amoksilini. Mwingine anazo fedha kidogo: "Nikatie za elfu moja." Vidonge sita vya dozi ya ishirini na moja. Akipewa, homa itapungua kwa siku mbili, atajiona amepona, na vijidudu vilivyobaki vitakuwa vimejifunza. Wataalamu huita hali hiyo usugu wa vimelea dhidi ya dawa, na bonde lililoishuhudia klorokwini ikifa halihitaji kusimuliwa maana yake. Mkoani Kagera imeshathibitishwa kuwapo kwa vimelea vya malaria vyenye usugu wa kiasi kwa artemisinini, kiungo kikuu cha mseto huohuo tunaoutegemea. Lakini mwenye elfu moja si mkaidi. Ana elfu moja. Ifakara ni mji wa mpunga, na fedha hapa zina msimu: baada ya mavuno zipo, Januari na Februari watu wanapolima na kupanda hazipo. Nimeona maduka yenye daftari la wadaiwa lililojaa majina ya miezi hiyo, dozi kamili imetolewa na deni likaandikwa "akivuna". Wengi hulipa. Wengine hawalipi, na mwenye duka hulimeza deni, kwa kuwa anajua hali ya nyumba ile.

Hili nalilalamikia waziwazi. Tumejenga utaratibu ambao mtoa dawa anapata riziki yake kwa kidonge kilichouzwa tu. Kumshauri mtu asinunue, kuhesabu pumzi, kumpeleka hospitali, kumwelekeza mjamzito asitumie dawa fulani, vyote hivi ni hasara kwenye vitabu vya duka. Kisha tunashangaa antibiotiki zinauzwa ovyo. Mkaguzi akija hukagua leseni, rafu na tarehe za kuisha kwa dawa, na afanye hivyo, ni haki yake. Lakini yule aliyemnyima mteja dawa isiyomfaa hana mahali anapopewa hata pongezi.

Kazi yenyewe nayo inabadilika. Malaria imepungua sana ukilinganisha na enzi za Namawala ile, na wanaoingia dukani sasa wanakuja pia na presha na kisukari. Mzee aliyeandikiwa kidonge cha presha cha kila siku hukinywa mwezi mmoja, hujisikia vizuri, huacha. Hapa uhusiano wa ujirani unafanya ambacho karatasi ya hospitali haifanyi. "Shikamoo, babu. Mbona mwezi huu sikukuona?" "Marahaba, mjukuu wangu. Nimeshapona." "Babu, presha haina kelele. Dawa ndiyo inayoishikilia. Kaa hapa nikupime." Mashine inavaliwa mkononi, namba zinatoka, na mzee anaziona mwenyewe. Hakuna hotuba inayoshinda hiyo.

Jambo la faragha zaidi halisemwi kwa sauti. Kliniki ya magonjwa sugu katika hospitali ya Mtakatifu Fransisko imekuwa ikihudumia watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI tangu katikati ya miaka ya 2000, na dawa zao hutolewa huko bure, si dukani. Lakini watu haohao hupata kiungulia, huishiwa damu, hununua dawa za kutuliza asidi na vidonge vya madini ya chuma. Dolutegravir, dawa ambayo sasa iko katika dozi ya wengi wao, hufyonzwa vibaya ikikutana tumboni na dawa hizo za asidi. Yafaa inywewe saa mbili kabla yake au saa sita baada yake. Mtoa dawa hamjui nani ni nani, wala hapaswi kubahatisha. Basi humuuliza kila mteja wa kiungulia swali lilelile, kwa sauti ya chini, akiwa ameinama kuandika: "Kuna dawa nyingine yoyote unayokunywa kila siku?" Akiona mteja amesita, hamlazimishi. Humwambia tu kuwa dawa hii haipatani na baadhi ya dawa za kila siku, aitenganishe nazo kwa saa sita. Mwenye kuelewa ameelewa, na waliosimama nyuma yake hawajasikia chochote.

Ukiwauliza watu wa kazi hii wanapata nini, wachache watataja fedha. Watakwambia juu ya watoto. Yule aliyepimiwa mseto wa kidonge kimoja leo anatumwa na mama yake kuja kununua panadol, ameandikiwa jina la dawa kwenye karatasi, na anasalimia vizuri. Mtoa dawa anajua nani ni mjamzito kabla mtaa haujajua, nani amefiwa, nani anakunywa, nani haelewani na mkwe wake, na anayatunza yote bila kuyatoa nje ya kaunta. Uaminifu wa namna hiyo haununuliwi; familia hukupa kidogo kidogo, ikikupima kila mara, na ukimtaja mgonjwa mmoja vibaya sokoni imekwisha. Tangu daraja la Mto Kilombero lifunguliwe mwaka 2018 na kuchukua nafasi ya kivuko, watu wa Ulanga na Malinyi wanaweza kuvuka wakati wowote na kuchagua duka wanalotaka. Wengi wanapita maduka kadhaa yenye dawa zilezile kwa bei ileile, wakaenda kwa yule anayewauliza maswali.

Kitu anachokikosa mtoa dawa, na ambacho anakihitaji, ni habari. Anampeleka mtoto hospitali kwa karatasi ya rufaa, na karatasi inaishia huko. Hajui kama ilikuwa nimonia kweli, kama alihesabu sawasawa, kama dozi aliyoanzisha ilikuwa sahihi. Anasubiri hadi familia ipite tena dukani, kama itapita. Hospitali, vituo na zahanati za bondeni zinaweza kulirekebisha hili bila sheria mpya wala mfadhili: nyuma ya karatasi ileile aliyokuja nayo mgonjwa waandike alichokutwa nacho na dawa alizopewa, wamkabidhi mama, airudishe dukani kwa aliyemtuma.